Selimundu na malaria: kisa cha hesabu ya Musoma na sentensi moja ya daftarini

Kila ninaposahihisha daftari za kidato cha nne baada ya mada ya urithi, nakutana na sentensi ileile: "Mtu mwenye selimundu hapati malaria." Huandikwa kwa kujiamini, mara nyingine imepigiwa mstari kwa rula. Aliyeiandika amesikia jambo la kweli, tena jambo lililogunduliwa hapahapa kwetu, kwenye damu za watu wa Pwani, wa Kampala na wa Musoma. Ila amelishika mkiani. Siwezi kuweka alama ya kosa nikafungua ukurasa unaofuata, maana sentensi hiyo ikitoka darasani ikafika nyumbani inaweza kuua. Mama akiamini kwamba mwanawe mwenye selimundu ana kinga, siku mwili wa mtoto utakapochemka usiku atangoja kuche. Na kwa mtoto huyo, usiku mmoja ni mwingi.

Nakichambua kisa chote basi, tangu swali lilipoulizwa hadi hesabu ilipofungwa, ili paonekane mahali hasa ambapo sentensi ile inaacha njia.

Watu watatu

Seli nyekundu ya damu ina umbo la kitumbua kilichobonyezwa katikati pande zote mbili. Ndani yake imejaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Maelekezo ya kutengeneza sehemu moja ya protini hiyo, mnyororo uitwao beta, yamo kwenye kinasaba ambacho kila mmoja wetu anazo nakala zake mbili, moja ya baba na moja ya mama. Nakala ya kawaida tuiite A. Nakala yenye hitilafu tuiite S.

Hapo wanapatikana watu wa aina tatu. Yupo AA, aliyepokea nakala ya kawaida kwa wazazi wote wawili. Yupo AS, aliyepokea moja ya kila aina: huyu ni mbeba kinasaba, anaishi na kufanya kazi kama wengine, na wengi wao huzeeka bila kujua kwamba wanacho. Na yupo SS, aliyepokea nakala mbovu pande zote mbili. Huyu ndiye mgonjwa wa selimundu.

Ugumu wetu umeanzia kwenye maneno. Mitaani tunasema "ana sikoseli" kwa mtoto anayelazwa kila mwezi akilia mifupa, na tunasema "ana sikoseli" kwa dada yake aliyepimwa akaonekana ana nakala moja tu na hajawahi kuugua. Neno moja limefunika watu wawili ambao miili yao haifanani kabisa. Sentensi ya daftarini imezaliwa hapo.

Hitilafu yenyewe ni ndogo mno. Mnyororo wa beta umeundwa kwa asidi amino 146 zilizopangwa kama shanga kwenye uzi. Mwaka 1956 huko Cambridge, Vernon Ingram alipoikatakata himoglobini ya wagonjwa na kuilinganisha na ya kawaida, alianza kuona kwamba tofauti iko kwenye kipande kimoja kidogo tu. Baadaye ilijulikana kuwa ni shanga ya sita: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Shanga moja katika 146. Himoglobini ya aina hii ikiishiwa oksijeni hugandamana na wenzake na kuwa nyuzi ndefu ngumu, na nyuzi hizo huivuta seli mpaka inapinda kama mundu. Seli zilizopinda hukwama kwenye mishipa myembamba, na pale zilipokwama ndipo maumivu yanapoanza: mikononi na miguuni kwa watoto wadogo, kisha mgongoni, kifuani, kwenye nyonga. Tena hazidumu. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya SS mara nyingi haifiki 20. Ndiyo maana macho ya watoto hawa huwa ya manjano na damu haiwatoshi.

Kwa AS nyuzi hizo ni nadra kujengeka, kwa sababu himoglobini yake nyingi ni ya kawaida na huiingilia ile mbovu isishikane. Lakini zinaweza kujengeka oksijeni ikishuka sana. Msomaji aishike hiyo, tutairudia.

Fumbo

Kitabibu ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1910, na daktari James Herrick wa Chicago, aliyekuwa ameona seli zilizopinda kwenye damu ya mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada. Kwetu watu waliujua zamani kwa majina yao na kwa makaburi madogo. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa hutembea tofauti na ya kawaida inapopitishwa kwenye umeme, na mwaka huohuo James Neel alionyesha jinsi ugonjwa unavyorithiwa: AS akizaa na AS, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa SS.

Sasa lilibaki swali ambalo mkulima yeyote angeliuliza. Mbegu inayozaa mimea inayokufa kabla ya kutoa mbegu nyingine, inadumuje shambani? Miaka ile bila dawa, watoto wengi wa SS walikufa kabla hawajatimiza miaka mitano. Kila mtoto aliyekufa aliondoka na nakala mbili za S. Kizazi kwa kizazi, S ilipaswa kupungua mpaka iwe adimu. Haikuwa adimu. Watafiti waliopima Uganda mwishoni mwa miaka ya 1940 waliwakuta watu wa Bwamba, magharibi kabisa, wabeba kinasaba wakiwa takriban 4 katika kila 10. Kitu fulani kilikuwa kinairudisha S shambani kwa kasi ileile iliyokuwa ikiondolewa.

Ramani

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 akakulia Kenya, kwenye shamba karibu na Gilgil. Mwaka 1949 alikuwa mwanafunzi wa udaktari Oxford, akajiunga na msafara wa chuo hicho uliokuja Mlima Kenya. Wenzake walifuata mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu. Nia yake ya mwanzo ilikuwa kuangalia makundi ya damu ya makabila mbalimbali na undugu wao. Pamoja na hayo akapima seli zinazopinda.

Kilichotokea kinapendeza, kwa sababu jibu halikukaa pale alipokuwa akilitafuta. Pwani, na kando ya Ziwa Viktoria, wabeba kinasaba walizidi 20 katika 100. Nyanda za juu, kwenye baridi, hawakufika hata 1 katika 100. Mpaka huo haukufuata lugha wala ukoo. Wakikuyu wa milimani ni Wabantu kama walivyo majirani wa Pwani, na damu zao kwa kipimo hiki zilikuwa mbali kabisa. Waluo si Wabantu, lakini wakazi wa kando ya ziwa walifanana kwa kipimo hikihiki, Bantu au si Bantu. Mstari ulifuata mwinuko wa ardhi, joto, na maji yaliyotuama. Kwa ufupi, ulimfuata mbu.

Aliyekulia Bonde la Ufa hahitaji kuambiwa malaria inaishia wapi. Allison akawaza hivi: huenda AS ana nafuu fulani dhidi ya malaria. Pale ambapo malaria inaua watoto kila masika, nafuu hiyo inalipa gharama ya ndugu zao SS wanaokufa. Pale pasipo na malaria kuna gharama tupu, na S inafutika.

Nisimpe sifa yote peke yake. J. B. S. Haldane aliandika mwaka huohuo wa 1949 wazo la namna hii kuhusu talasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa damu. Na daktari E. A. Beet, akiwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, alikuwa ameshaona tangu 1946 kwamba wenye seli zinazopinda walikutwa na vimelea vya malaria kwa uchache kuliko wengine. Lakini kuona ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kingine. Ramani mbili zikifanana hazijathibitisha lolote. Milimani hakuna malaria, na hakuna minazi pia, na hakuna aliyedai mnazi unaleta selimundu.

Kampala na Nairobi, 1953

Allison alimaliza kwanza masomo ya udaktari, akarudi mwaka 1953. Safari hii alikwenda kwa watoto, na hapa ndipo ninapotaka mwanafunzi asimame kidogo, kwa sababu uteuzi huo ni nusu ya ushindi. Kwanini watoto? Mtu mzima wa Buganda ameumwa na mbu maelfu ya mara; kinga aliyojijengea inafunika tofauti yoyote ndogo aliyozaliwa nayo. Mtoto wa mwaka mmoja au mitatu bado hajajenga kinga hiyo. Kwake, alichorithi kinaonekana wazi.

Alipima watoto 290 wa maeneo ya karibu na Kampala, wenye umri wa miezi 5 hadi miaka 5. Kila mmoja alitazamwa mambo mawili: je, seli zake zinapinda zikinyimwa oksijeni? Je, ana vimelea vya malaria?

Waliokuwa na S walikuwa 43, na kati yao 12 walikutwa na vimelea. Wasio nayo walikuwa 247, na kati yao 113 walikutwa na vimelea. Asilimia 28 dhidi ya asilimia 46.

Huwa nawaambia wanafunzi wasizipokee asilimia hizo kabla hawajauliza swali moja: kama S haihusiani kabisa na malaria, tungetarajia nini? Watoto wenye vimelea kwa jumla ni 125 katika 290, yaani 43 katika kila 100. Ukichukua watoto 43 bila kuchagua, utarajie 18 au 19 wenye vimelea. Allison alipata 12. Tofauti ipo, ila si ya kumfanya mtu apige vigelegele. Ukiifanyia hesabu ya uwezekano, bahati tupu ingeweza kuleta tofauti kubwa kiasi hicho mara chache tu, pungufu ya 5 katika 100. Ushahidi mzuri, wa kuungwa mkono na mwingine.

Mwingine huo ulifanyika Nairobi, na kuusimulia hunipa uzito moyoni. Wanaume 30 Waluo walijitolea, 15 wenye S na 15 wasio nayo, watu ambao walikuwa wamekaa mbali na maeneo ya malaria kwa muda. Wakaambukizwa malaria kwa makusudi. Katika 15 wasio na S, 14 walipata vimelea vya malaria. Katika 15 wenye S, ni 2 tu. Tofauti ya 14 na 2 haihitaji hesabu kuelezwa. Lakini ilikuwa Nairobi ya 1953, hali ya hatari imetangazwa, nchi iko chini ya mkoloni, na neno "kujitolea" kwa Mwafrika mbele ya daktari Mzungu lilikuwa na maana finyu kuliko tunavyolitumia leo. Mpaka sasa wapo wanaojitolea kuambukizwa malaria kwa utafiti huko Kilifi, ila kamati za maadili hukaa kwanza, fomu husomwa kwa lugha ya mhusika, na mtu anaweza kuondoka siku yoyote. Nayafundisha matokeo ya 1953, na ninawataja wale 30 kila ninapoyafundisha.

Jaribio hilo lilipingwa upesi. Mwaka 1955 watafiti wa Marekani waliwaambukiza watu ambao hawakuwahi kuishi na malaria, wakasema hawaoni tofauti ya maana kati ya wenye S na wasio nayo. Walioegemea upande huo walidhani kisa kimekufa. Mimi naona upinzani huo ulisaidia sana, kwa sababu ulilazimisha swali linoe makali yake: S inazuia vimelea visiingie, au inazuia visimuue mtu?

Musoma

Jibu lililonikaa kichwani kuliko yote limo kwenye takwimu ambazo Allison alizichapisha mwaka 1956, kutoka Musoma, upande wa Tanganyika wa ziwa. Hakumwambukiza mtu. Alihesabu tu nani yupo.

Alipima watoto wachanga 287: AA walikuwa 189, AS 89, SS 9. Akapima watu wazima 654: AA 400, AS 249, SS 5.

Weka kalamu chini, tuchukue maharage. Katika watoto wachanga wale, ukihesabu nakala zote za kinasaba, 574, zile za S ni 107, yaani karibu 19 katika kila 100. Basi tia kwenye kibuyu maharage meupe 81 na mekundu 19. Funga macho, toa harage moja, litazame, lirudishe, toa la pili. Hizo ni nakala mbili za mtoto mmoja, moja ya baba na moja ya mama. Rudia mara 287. Utapata meupe mawili mara 190 hivi, jeupe na jekundu mara 87, mekundu mawili mara 10. Linganisha na alichokikuta Allison: 189, 89, 9. Watoto wachanga wa Musoma wamefuata maharage karibu sawasawa. Bado maisha hayajachagua mtu. Kanuni hiyo ya maharage iliandikwa na G. H. Hardy na Wilhelm Weinberg mwaka 1908, kila mmoja kivyake, na wanafunzi wengi huikariri bila kuona inafanya kazi gani. Kazi yake ndiyo hii: inatuonyesha hali ingekuwaje kama hakuna kilichotokea.

Kwa watu wazima sasa. Nakala zao ni 1,308, za S zikiwa 259, karibu 20 katika 100. Maharage yanatabiri AA 421, AS 208, SS 26. Waliokutwa ni 400, 249 na 5.

Hizo ndizo namba ambazo ningependa zibandikwe ukutani darasani. SS waliopotea hatushangai; walikufa kwa selimundu. Lakini tazama AA. Nao wamepungua, ilhali hakuna ugonjwa wa kurithi uliowasumbua. AS peke yao wamezidi, 249 mahali pa 208. Kati ya utoto na utu uzima, kuna kitu kilipita Musoma kikawachukua SS, kikawachukua na AA kiasi, kikawaacha AS. Ukilinganisha sehemu ya kila kundi kwa watoto na kwa watu wazima, inakuja hivi: ambapo AS 100 walifika utu uzima, AA waliofika ni 76 hivi, na SS ni 20. Hesabu hiyo ina udhaifu wake, kwa sababu watu wazima wale si haohao watoto, ni kizazi kilichotangulia, na SS wenyewe ni wachache mno kuwawekea uzito. Hata hivyo mwelekeo wake umesimama.

Siku zote tumemwita AA "mzima" na AS "mwenye tatizo dogo". Kwa Musoma ya wakati ule, mpangilio huo uligeuka. AA ndiye aliyekuwa akizikwa kwa malaria.

Namna kinga inavyofanya kazi

Kimelea hatari kuliko vyote vya malaria, plasmodiamu falsiparamu, huingia ndani ya seli nyekundu na kula himoglobini. Humo huzaliana, kisha seli hupasuka na vimelea vipya hutafuta seli nyingine. Kikishakua kidogo huweka vifundo juu ya ngozi ya seli ili ing'ang'anie ukuta wa mshipa na isipelekwe kwenye bandama, kiungo kinachochuja seli mbovu. Kung'ang'ania huko kwenye mishipa ya ubongo ndiko kunakoleta malaria ya kupoteza fahamu.

Kwenye seli ya AS mambo humharibikia mgeni huyu kwa njia zaidi ya moja. Seli yenye kimelea hupinda kirahisi kuliko isiyo nacho, bandama huiona na kuifuta mapema. Ikijificha kwenye mishipa yenye oksijeni kidogo, ile himoglobini S hugandamana na kimelea hudumaa. Vile vifundo vya kung'ang'ania navyo havipangiki vizuri juu ya ngozi yake. Kwa hiyo kimelea huingia, mtoto hupata homa hata, lakini vimelea havifiki ule wingi unaoua.

Kilifi palithibitisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kutoka kituo cha pale Pwani ya Kenya uliwafuatilia watoto na kukuta kwamba AS humpunguzia mtoto homa za kawaida za malaria kwa takriban nusu, kulazwa kwa malaria kwa robo tatu, na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Tazama namba zinavyopanda kadiri ugonjwa unavyokuwa mbaya. Jibu la mabishano ya 1955 ndilo hilo: kinga haikai mlangoni, inakaa ndani. AS huugua malaria. Ni nadra kuuawa nayo.

Mtoto ambaye sentensi inamsahau

Turudi kwa SS. Je, seli zake, zilizojaa S tupu, hazimkeri kimelea zaidi? Huenda zinamkera. Watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako tangu 2004 Profesa Julie Makani na wenzake wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, waliona kwamba wanapopimwa kliniki vimelea vya malaria si vingi kwao. Ukiishia hapo utaiona sentensi ya daftarini kama vile ina haki. Usiishie hapo. Utafiti huohuo, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba malaria ilipomkuta mgonjwa wa selimundu ilikwenda pamoja na upungufu mkubwa wa damu na vifo. Kilifi nao mwaka uleule waliripoti vifo vingi vya watoto wa SS waliolazwa na malaria.

Sababu yake si ngumu kuiona ukikumbuka seli zisizofika siku 20. Damu yake iko pembeni ya shimo kila siku. Malaria hupasua seli nyekundu kwa mamilioni. AA ana akiba ya kupoteza, SS hana. Homa na upungufu wa maji huzipinda seli zake zaidi. Bandama yake, ile ambayo AS anaitegemea kuchuja, imeshaharibiwa na seli zilizokwama humo tangu akiwa mdogo, hivyo hata bakteria wa nimonia wanaopita kwenye damu hawazuiwi. Kinga ya AS inahitaji seli zinazopinda mara chache ndani ya mwili ulio mzima. SS ana seli zinazopinda kila saa ndani ya mwili uliochoka.

Ndiyo maana mtoto wa SS hulala ndani ya chandarua bila kukosa, hupewa dawa ya kuzuia malaria na penisilini ya kila siku katika miaka yake mitano ya mwanzo, na homa yake haingoji kuche. Siku hizi ipo pia haidroksiurea, inayouamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya kichanga, ile tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo haina hitilafu hii. Ni himoglobini hiyohiyo inayomfanya mtoto wa SS aonekane mzima mpaka karibu miezi sita, kisha ugonjwa ukajitokeza. Jaribio lililofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto 606, matokeo yakatoka 2019, lilikuta dawa hiyo ikipunguza maumivu, kuongezewa damu, vifo, na hata malaria. Kabla ya hapo wengi waliogopa kwamba katika nchi za malaria ingeleta madhara.

Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza: malaria ikiisha, ugonjwa huu si utaisha wenyewe? Lilikuwa swali zuri kuliko maswali yangu ya mtihani, tukalifanyia hesabu ubaoni. Tuseme ile Musoma ya 1956, yenye S 19 katika 100, ilipona malaria siku moja, na tuseme kwa ukali kabisa kwamba hakuna SS anayefika umri wa kuzaa. Kizazi kinachofuata S inakuwa 16. Kinachofuata 14. Baada ya vizazi vitano inakaribia 10. Vizazi vitano ni zaidi ya miaka mia, na S imepungua nusu tu, kwa sababu kadiri inavyoadimika ndivyo inavyojificha ndani ya AS, ambao hawadhuriki nayo. Tukiwatibu SS wakakua na kuzaa, kama tunavyotaka wote, itapungua polepole zaidi.

Unguja na Pemba jambo hili limeshaanza kutokea. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 vimelea vya malaria hukutwa huko kwa watu wasiofika 1 katika 100. Vinasaba vya S vilivyobaki katika damu za watu wa visiwani ni kumbukumbu ya mbu waliouma mababu zao. Mtoto wa SS atakayezaliwa huko wiki hii hana nafuu yoyote ya malaria ya kuhesabu. Ana tone la damu la kisiginoni linalopaswa kupimwa kabla hajatoka wodini, na miezi isiyozidi sita kabla himoglobini ya kichanga haijamwishia.